Kete za Pembe: Kanuni za Sataranji na Nchi Zilizozitunga

Mwaka 916 mwanahistoria wa Baghdad, Ali bin Husein al-Masudi, aliondoka kisiwa cha Qanbalu katika pwani ya Zinj, yaani Afrika Mashariki, akarudi Oman kwa njia ya bahari. Wataalamu wengi wanaamini kuwa Qanbalu ilikuwa katika kisiwa cha Pemba. Katika kitabu chake, Muruj al-Dhahab, al-Masudi alieleza biashara ya pwani hii: watu wa Zinj waliwinda tembo, pembe zikapelekwa Oman, na kutoka Oman zikasafirishwa hadi Uchina na India. Wahindi, aliandika, walizichonga mipini ya majambia na panga, lakini matumizi yao makubwa yalikuwa kutengeneza kete za sataranji na za nardi, mchezo mwingine wa ubao unaotumia dadu.

Habari hiyo inastahili kujulikana na kila anayetaka kujifunza sataranji katika Afrika Mashariki. Mchezo huu umezoeleka kuonekana kuwa ni wa Ulaya, kwa sababu ya malkia wake, maaskofu wake na ngome zake za mawe. Kumbe zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, pembe za tembo wa nchi zetu zilikuwa zikisukumwa juu ya ubao na mikono ya Wahindi. Sisi si wageni katika mchezo huu. Tumo ndani yake tangu zamani.

Katika makala hii nataka tuifuate njia ya sataranji tangu ilikozaliwa, na katika kila kituo tuchukue kanuni zilizotungwa hapo. Mwanafunzi kwa kawaida hupewa kanuni zote kwa mpigo. Anaambiwa farasi anaruka, malkia anapita kote, kitunda kinakwenda mbele lakini kinakula kwa mshazari. Kwa nini, haelezwi. Kanuni hizo hazikutungwa siku moja wala na mtu mmoja. Kila moja ina nchi yake na zama zake, na anayejua ilikotoka haisahau upesi. Basi weka ubao mbele yako, tuanze safari.

Bonde la Ganges: ubao na vikosi vinne

Kaskazini mwa India, yapata karne ya 6, zama za dola ya Gupta, watu walicheza mchezo ulioitwa chaturanga. Jina hilo lilikuwa la jeshi la Kihindi lenye vikosi vinne: tembo, magari ya vita yaliyokokotwa na farasi, wapanda farasi, na askari wa miguu. Karne iliyofuata, Banabhatta, mwandishi wa kasri la Mfalme Harsha aliyetawala kuanzia mwaka 606 hadi 647, aliusifu utawala wa bwana wake kwa amani yake: alisema mpangilio wa vikosi vinne ulikuwa unafundishwa juu ya ubao tu.

Ubao wenyewe ulikuwa mkubwa kwa umri kuliko mchezo. Uliitwa ashtapada, na ulitumika kwa michezo mingine ya kurusha dadu kabla ya chaturanga. Una mistari 8 ya kwenda mbele na mistari 8 ya kukata upande, jumla miraba 64. Leo miraba hiyo ni ya rangi mbili, nyeupe na nyeusi kwa kupishana, na kanuni ya kwanza ya mchezo ni namna ya kuuweka ubao: kona iliyo karibu na mkono wako wa kulia lazima iwe nyeupe. Ukikosea hapo, kila kinachofuata kitakuwa kimekosewa.

Kila mchezaji ana kete 16. Katika mstari wa nyuma kabisa, kuanzia kona, weka ngome, kisha farasi, kisha askofu. Fanya hivyo hivyo kutoka kona ya pili. Katikati inabaki miraba miwili ya mfalme na malkia. Malkia hukaa kwenye mraba wa rangi yake, malkia mweupe juu ya mweupe na mweusi juu ya mweusi, na mfalme hukaa kando yake. Mbele yao panga vitunda 8, ambavyo ndivyo askari wa miguu. Kwa zamu, kila mchezaji husogeza kete moja. Kula ni kuingia katika mraba wa kete ya adui na kuiondoa ubaoni. Hakuna kuiruka kama katika drafti.

Kati ya kete hizo, mbili hazijabadilika tangu India. Ya kwanza ni gari la vita, ambalo leo tunaliita ngome. Huenda moja kwa moja, mbele au nyuma, kushoto au kulia, miraba mingi kadiri njia ilivyo wazi. Ukitazama mwendo huo utaliona gari lililokusudiwa: halikati kona, na kikwazo kikiwa mbele yake husimama. Ya pili ni farasi. Yeye huenda miraba miwili moja kwa moja na mmoja upande, hivyo njia yake ina umbo la herufi L. Ndiye pekee anayeweza kuruka juu ya kete nyingine, ziwe zake au za adui. Kila anaporuka hubadilisha rangi ya mraba: akitoka kwenye mweupe atatua kwenye mweusi. Kwa karne zaidi ya 13, kutoka mikono ya Wahindi hadi yetu, hakuna aliyeona sababu ya kumrekebisha.

Askari wa miguu nao wametunza tabia ya kale. Kitunda huenda mbele tu, mraba mmoja, wala hakirudi nyuma. Lakini hakili kilicho mbele yake. Hula kwa pembe, mraba mmoja mbele kushoto au mbele kulia. Kete nyingine zote hula kwa njia ile ile ziendayo, kitunda peke yake hutenganisha kwenda na kula. Ndiyo maana vitunda viwili vya maadui vikikutana uso kwa uso vinazibiana, na ndiyo maana ubao hupata milima na mabonde tangu hatua za kwanza.

Uajemi: mfalme haliwi

Kutoka India mchezo ulivuka milima hadi dola ya Wasasani wa Uajemi. Firdausi, aliyekamilisha Shahnameh yapata mwaka 1010, anasimulia hekaya ya kufika kwake. Mfalme wa India alimpelekea Khosrau Anushirvan, aliyetawala kuanzia 531 hadi 579, ubao na kete bila maelezo yoyote, pamoja na sharti: wataalamu wa Uajemi wagundue mchezo unavyochezwa, ama walipe kodi. Waziri Buzurjmihr alijifungia siku moja na usiku wake akatoka na jibu. Kisha naye akatunga nardi, akaipeleka India, na huko hakupatikana wa kuifumbua.

Hekaya hiyo ina fundisho la kweli ndani yake: kanuni za sataranji zina mantiki, na mtu makini anaweza kuifuata. Waajemi pia ndio walioupa mchezo maneno yanayotumika hadi leo mfalme anapokuwa hatarini. Walionyana kwa neno shah, yaani mfalme, kila aliposhambuliwa, na shah mat pale alipokosa pa kukimbilia. Heshima hiyo ndiyo moyo wa mchezo mzima.

Mfalme huenda mraba mmoja tu, upande wowote anaoupenda. Haliwi kamwe. Anaposhambuliwa, mwenye zamu lazima amwokoe hapo hapo, na njia ni tatu: kumhamisha, kuweka kete nyingine katikati ili kuziba shambulio, au kumla anayeshambulia. Njia zote tatu zikikosekana, mfalme amefungwa na mchezo umekwisha, hata kama ubaoni mwako zimebaki kete nyingi na adui amebaki na mbili. Vilevile mfalme haruhusiwi kuingia kwa miguu yake mwenyewe katika mraba unaoshambuliwa, na kwa hiyo wafalme wawili hawawezi kusimama bega kwa bega.

Anayeanza kujifunza afahamu jambo hili mapema kuliko jingine lolote. Sataranji si mchezo wa kuhesabu nani kala zaidi. Mtu anaweza kutoa malkia wake kwa hiari ili amfunge mfalme wa mwenzake, na akashinda kwa haki.

Baghdad: elimu ya ubao

Majeshi ya Kiislamu yaliwashinda Waajemi Nahawand mwaka 642, na mfalme wao wa mwisho, Yazdegerd III, akauawa mwaka 651. Washindi waliupokea mchezo wa walioshindwa, wakauita shatranj, nasi tukapokea jina hilo hilo kutoka kwa Waarabu. Wanazuoni walijadili hukumu yake kwa kina. Wafuasi wa Imam Shafi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea kwa Waislamu wa pwani yetu, wengi wao waliuhesabu kuwa makuruhu bila kuufanya haramu, mradi usichezewe kamari wala usimsahaulishe mtu sala.

Katika karne ya 9 na ya 10, Baghdad ya Waabbasi iliufanya mchezo kuwa elimu. Al-Adli aliandika kitabu juu yake, ar-Razi akaandika chake, kisha akaja as-Suli, aliyefariki yapata mwaka 946. As-Suli alicheza mbele ya Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia 902 hadi 908, akamshinda al-Mawardi, aliyekuwa kipenzi cha kasri. Alikuwa pia mwandishi na mwanahistoria, na al-Masudi, yule yule aliyeandika habari za pembe zetu, alikuwa mtu wa zama zake. As-Suli aliacha fumbo moja la ubaoni ambalo wachezaji walihangaika nalo kwa takriban miaka 1,000, hadi mtaalamu wa Urusi, Yuri Averbakh, alipolitatua katika karne ya 20.

Mabingwa wa Baghdad walitambua jambo ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulifuata: hatua za mwanzo ni za kupanga jeshi. Walikuwa na mipangilio ya mwanzo waliyoipa majina na kuisoma. Kwa leo shauri lao linakuwa hivi: kwanza sogeza kitunda kimoja au viwili vya katikati, kisha watoe farasi na maaskofu, na usisogeze kete moja mara nyingi huku nyingine zimelala. Mwenye jeshi zima uwanjani humshinda mwenye shujaa mmoja anayekimbia peke yake.

Ubao ule uliwafundisha pia hesabu. Kuna kisa maarufu cha mtungaji wa mchezo aliyeomba malipo ya punje za ngano: moja katika mraba wa kwanza, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, na kila mraba maradufu ya uliotangulia. Al-Biruni, yapata mwaka 1000, alionyesha hesabu yake. Jumla ni punje 18,446,744,073,709,551,615, kiasi ambacho hakuna ghala la mfalme yeyote lingekitosheleza. Mwalimu wa hesabu anayetaka kueleza nguvu ya kuzidisha maradufu hatapata mfano bora kuliko huo.

Hata hivyo mchezo wa Baghdad ulikuwa wa polepole. Mahali anapokaa malkia leo alikaa waziri, na waziri aliweza kwenda mraba mmoja tu kwa pembe. Mahali pa askofu alikaa tembo, aliyeruka miraba miwili kwa pembe. Katika miraba yote 64, tembo mmoja aliweza kufika miraba 8 tu maisha yake yote. Kwa silaha hizo ilikuwa vigumu kumfunga mfalme, ndiyo sababu iliwekwa kanuni kwamba aliyemnyang'anya mwenzake kete zote akabaki mfalme peke yake, amehesabiwa mshindi.

Nyanda za juu za Ethiopia

Njia ya sataranji ina tawi la Afrika ambalo vitabu vya wanaoanza hulipita kimya. Waethiopia waliucheza mchezo huu kwa karne nyingi kwa jina la senterej. Mwingereza Henry Salt, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1814, alieleza jinsi alivyomwona Ras Wolde Selassie wa Tigray akicheza na watu wake. Waziri na tembo wa Ethiopia waliendelea kwenda kwa mwendo wa Baghdad hata baada ya Ulaya kubadilisha kanuni.

Ethiopia ilikuwa pia na kanuni yake yenyewe. Mwanzo wa mchezo uliitwa werera, na katika muda huo wachezaji hawakusubiriana zamu. Kila mmoja alisogeza kete zake upesi kadiri alivyotaka, jicho likiwa kwa mwenzake, hadi kete ya kwanza ilipoliwa. Hapo ndipo zamu zilipoanza. Watu wa bara letu waliupokea mchezo wakautia akili zao, kama walivyofanya wengine wote.

Ulaya: rangi mbili na wahusika wapya

Kupitia Hispania na Sicilia iliyotawaliwa na Waislamu, mchezo uliingia Ulaya. Katika nyumba ya watawa ya Einsiedeln, Uswisi, limehifadhiwa shairi la Kilatini la miaka ya 990 ambalo ni miongoni mwa ushahidi wa kwanza wa sataranji barani humo. Tayari linataja ubao wa rangi mbili, na tayari waziri amekuwa malkia. Rangi hizo hazikubadilisha mwendo wa kete yoyote, lakini zilirahisisha kuona: kwa jicho tu unajua njia za pembe zinaanzia wapi na kuishia wapi.

Wazungu wa zama hizo hawakuwazoea tembo wa vita. Kete ya tembo katika nchi za Kiislamu ilichongwa bila sura, ikiwa na ncha mbili zinazowakilisha pembe. Inaaminika kwamba Waingereza waliziona ncha hizo kama kofia ya askofu, na hivyo tembo akavishwa joho la kanisa. Mwaka 1831, katika kisiwa cha Lewis, Scotland, ziligunduliwa kete za karne ya 12 zilizochongwa kwa pembe za walarasi, mnyama wa bahari ya baridi, ambazo huenda zilitengenezwa Trondheim, Norway. Nyingi ya hizo zimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Humo mna maaskofu wenye fimbo, malkia walioshika shavu, na mahali pa magari ya vita wamesimama askari, baadhi yao wakiuma ngao zao kwa ghadhabu. Jeshi la Ganges lilikuwa limegeuka kasri la Ulaya.

Mfalme Alfonso X wa Castile aliagiza kitabu kikubwa cha michezo, kilichokamilika Sevilla mwaka 1283, kikiwa na picha za Waislamu, Wakristo na Wayahudi wakicheza, na mafumbo mengi ya ubaoni yaliyotoka kwa Waarabu. Katika zama hizo ilikubalika kanuni iliyokusudiwa kuharakisha vita: kitunda ambacho hakijasogea kinaweza kuanza kwa kuruka miraba miwili.

Valencia: malkia anapata mamlaka

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalitokea Valencia, Hispania, yapata mwaka 1475. Washairi watatu wa huko, Castellví, Vinyoles na Fenollar, waliandika shairi liitwalo Scachs d'amor, ambalo ndani yake mchezo mmoja unachezwa hatua kwa hatua kwa kanuni mpya. Mwaka 1497 Luis de Lucena alichapisha Salamanca kitabu kinachoeleza kanuni za kale na mpya pamoja, kwa sababu zote mbili zilikuwa bado zinatumika. Castile wakati huo ilikuwa chini ya Malkia Isabella, na wanahistoria kadhaa wanauhusisha uwezo wake na ule wa malkia wa ubaoni.

Kanuni mpya zilikuwa mbili. Askofu aliachiwa njia yote ya pembe: huenda upande wowote kwa mshazari, miraba mingi kadiri njia ilivyo wazi. Kwa hiyo hubaki katika rangi moja daima, na ndiyo maana kila mchezaji ana maaskofu wawili, mmoja wa miraba myeupe na mmoja wa myeusi. Malkia alipewa mwendo wa ngome na wa askofu kwa pamoja. Yule waziri wa Baghdad aliyetambaa mraba mmoja mmoja amekuwa kete kali kuliko zote.

Kasi ya mchezo ilibadilika kabisa. Sasa mtu anaweza kushindwa kwa hatua mbili za mwenzake. Mweupe akisogeza kitunda kilicho mbele ya askofu wa upande wa mfalme mraba mmoja, kisha kile cha mbele ya farasi wa upande huo miraba miwili, mweusi aliyefungua kitunda cha mbele ya mfalme wake humtoa malkia kwa mshazari hadi ukingoni, na mfalme mweupe amefungwa. Wapangie watoto hatua hizo ubaoni. Watajifunza mara moja kwamba vitunda vilivyo mbele ya mfalme havifunguliwi ovyo.

Hatimaye wachezaji walikubaliana juu ya thamani ya kete, ili mtu ajue anapobadilishana kama amepata au amepunjwa: kitunda 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei, kwa sababu habadilishwi.

Makimbilio ya mfalme na haki za kitunda

Malkia na maaskofu walipopata nguvu, mfalme aliyekaa katikati akawa mashakani. Zama za kati tayari alikuwa na ruhusa ya kuruka mara moja. Ruhusa hiyo ilikuja kuwa kanuni ya kumpeleka mfalme ngomeni. Mfalme husogea miraba miwili kuelekea ngome mojawapo, na ngome hiyo huruka juu yake ikakaa kando yake upande wa pili. Ni hatua pekee ambayo kete mbili za mchezaji mmoja husogea pamoja. Masharti yake ni haya: mfalme na ngome hiyo wasiwe wamewahi kusogea, kati yao pasiwe na kete, mfalme asiwe anashambuliwa wakati huo, na asipite wala asitue kwenye mraba unaoshambuliwa. Mwanafunzi ajizoeze kuifanya mapema, mara farasi na askofu wa upande huo wanapotoka.

Mruko wa kitunda nao ulileta dai la haki. Kitunda cha adui kilichokwisha kusonga hadi mstari wa 5 kutoka upande wake kingelindaje njia yake, ikiwa mwenzake anaweza kuruka na kuikwepa? Jibu likawa kula kwa kupita: kitunda kikiruka miraba miwili na kutua kando ya kitunda cha adui, adui anaweza kukila kana kwamba kilisogea mraba mmoja tu. Lakini lazima afanye hivyo katika hatua inayofuata papo hapo. Akichelewa, haki imekwisha. Waitalia waliikubali kanuni hiyo mwaka 1880 tu, na kabla ya hapo mgeni aliyecheza Italia alilazimika kuuliza kwanza.

Haki kubwa ya kitunda ni ile ya mwisho wa safari. Kikifika mstari wa mwisho wa upande wa adui, kinapanda cheo: mwenyewe huchagua kiwe malkia, ngome, askofu au farasi, hata kama malkia wake wa kwanza bado yupo. Baghdad kingekuwa waziri tu. Mfaransa François-André Philidor, mwanamuziki aliyezaliwa mwaka 1726, alichapisha mwaka 1749 kitabu kilichoonyesha kwamba mpangilio wa vitunda ndio unaoamua vita. Waliomtangulia walivitoa sadaka bila kufikiri. Baada yake, hakuna mchezaji makini anayekidharau kitunda.

London na Paris: kanuni moja kwa wote

Hadi katikati ya karne ya 19, kete za mji mmoja ziliweza kumchanganya mchezaji wa mji mwingine. Mwaka 1849 Nathaniel Cooke alisajili London umbo jipya la kete, zikauzwa na kiwanda cha Jaques zikiwa na jina la bingwa Howard Staunton. Mfalme ana msalaba, malkia ana taji, farasi ana kichwa cha farasi, ngome ina umbo la mnara. Ndilo umbo linalotumika katika mashindano hadi sasa. Mwaka 1851 London ikaandaa mashindano ya kwanza ya kimataifa yenye wachezaji 16, na mshindi akawa Adolf Anderssen, mwalimu wa hesabu kutoka Breslau.

Kanuni za sare nazo zililinganishwa. Mchezaji akiwa na zamu, mfalme wake hashambuliwi, lakini hana hatua yoyote halali ya kusogeza, mchezo ni sare. Haikuwa hivyo kila mahali. Baghdad aliyemkwamisha mwenzake hivyo alishinda. Uingereza, kwa karne mbili hivi, alishindwa. Mwanafunzi anayeongoza kwa kete nyingi ajihadhari na mtego huo. Sare hupatikana pia kwa makubaliano, kwa hali ile ile ya ubao kutokea mara tatu, kwa kila mchezaji kupita hatua 50 bila kula wala kusogeza kitunda, au kete zilizobaki zikiwa haziwezi kumfunga mfalme yeyote. Tarehe 20 Julai 1924 shirikisho la kimataifa, FIDE, liliundwa Paris, na ndilo linalosimamia kanuni hizi.

Katwe: mlango ulio wazi

Njia hiyo ndefu imefika kwetu. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, Robert Katende aliwafundisha sataranji watoto wa familia maskini, akiwapa na uji. Mwaka 2005 alikuja Phiona Mutesi, akiufuata uji huo. Aliyemwonyesha mwendo wa kete alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye, na kilichomvuta ni kuona kwamba kitunda kinaweza kuvuka ubao wote kikawa malkia. Aliiwakilisha Uganda, na baada ya Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul ya mwaka 2012 akapata cheo cha FIDE, miongoni mwa wanawake wa kwanza wa nchi yake. Mwaka 2016 filamu ya maisha yake, iliyoongozwa na Mira Nair na kuigizwa na Lupita Nyong'o akiwa mama yake, ilionyeshwa duniani.

Phiona hakuanza na vitabu vya gharama, nawe huvihitaji. Jifunze kwanza mwisho, kama alivyoshauri bingwa wa Cuba, José Raúl Capablanca, ambaye kitabu chake cha mwaka 1921 kinaanza na namna ya kumfunga mfalme kwa kete chache. Weka mfalme na ngome mbili dhidi ya mfalme peke yake, umsukume hadi ukingoni. Ukiweza, punguza ngome moja. Kisha ongeza vitunda, na hatimaye panga jeshi zima. Kwa utaratibu huo kila kete inajulikana peke yake kabla ya kuingia katika msongamano.

Kwa walimu na wazazi nina ombi moja. Chora miraba 64 kwenye boksi, chukua vifuniko 32 vya soda, uviandike majina ya kete, kisha mfundishe mtoto mmoja. Mwambie farasi ametoka India, heshima ya mfalme imetoka Uajemi, malkia amepata mamlaka yake Valencia, na kete za kale zilichongwa kwa pembe zilizotoka pwani yetu. Akishajua, mwambie naye amfundishe mwenzake. Kanuni hizi zote zinajifunzika katika mchana mmoja, na hakuna mtoto wa Afrika Mashariki anayestahili kuzikosa.